Mlango wa daraja wa tela upangwe tangu kwenye chasisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na watu wa aina mbili: mafundi wenzangu wanaounda matela ya trekta na ya pawatila (trekta dogo la magurudumu mawili), na wakulima na wafugaji wanaoyanunua. Tunatengeneza tela zuri, chasisi imara, rangi imekolea, halafu nyuma tunaweka mlango ambao kazi yake ni kufungwa na kufunguliwa tu. Ukiufungua unaning'inia. Chochote kinachotakiwa kupanda ndani, awe ng'ombe, iwe pikipiki, pipa la dizeli au gunia la mahindi, kinabebwa mgongoni au kinavutwa kwa kamba. Mlango uleule ungeweza kushuka hadi ardhini ukawa daraja la kupakilia. Lakini daraja haliongezwi tela likishakamilika. Linaanza siku unapokata chuma cha kwanza cha chasisi, na hilo ndilo ninalotaka lieleweke.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Wanaopita barabara ya Morogoro kwenda Dodoma wanaijua Kibaigwa kwa soko lake la mahindi. Kinachoonekana kidogo kutoka barabarani ni mifugo. Hii ni nchi ya ng'ombe. Ranchi ya Kongwa iko hapa, na jirani zetu wa Mpwapwa wana chuo cha mifugo cha LITA na kituo cha utafiti cha TALIRI, na kuna ng'ombe aina ya Mpwapwa waliozalishwa hukohuko na kupewa jina la mahali. Kwa hiyo tela linalotoka karakana yoyote ya huku, hata kama mwenyewe amelinunua kwa ajili ya mahindi, kabla ya mwaka kuisha litabeba ng'ombe.

Tazama wanavyopakiwa. Mahali penye kichuguu au ukingo wa korongo, dereva anarudisha tela nyuma hadi sakafu ilingane na ardhi, na ng'ombe anaingia kwa miguu yake. Pasipo kichuguu ni nguvu. Kamba inafungwa kwenye pembe za ng'ombe, inapitishwa kwenye nondo za mbele za tela, watu wawili wanavuta, mmoja anasokota mkia, mwingine anachapa. Ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 250 hivi anainua miguu ya mbele, anaiweka ukingoni, halafu magoti yanateleza na kugonga chuma. Anaanguka, anainuliwa, inaanza upya. Afike mnada wa Msalato, Dodoma, au apelekwe mbali zaidi hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam, mwenye bucha atakuja kukata vipande vya nyama iliyovilia damu na kuvitupa. Hasara hiyo mfugaji haioni, lakini imeshaingia kwenye bei aliyopewa. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kumtesa mnyama, na ninaamini wengi wanaochapa na kusokota mikia si watu wakatili. Wamepewa tela lisilo na njia nyingine ya kupandia.

Kwa mashine hali ni ileile. Pikipiki inasukumwa juu ya ubao mmoja huku utingo akiwa chini yake ameishika kiti. Pawatila yenye kilo zaidi ya 300 inapandishwa juu ya mbao mbili zisizofungwa popote, na mbao zikisogea hakuna mtu wa kuizuia. Makuli nao wanapanda na gunia la lumbesa begani kwenye ngazi ya mbao iliyoegemezwa, wakati toroli lingepanda daraja na magunia mawili kwa mpigo.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana nikisema tu "wekeni daraja" sitakuwa nimesaidia mtu.

Wateja wengi wakitaka mlango wa daraja wanaanza kwa kuuliza upana. Mimi naanza na kimo. Tela lifungwe kwenye trekta yake, lisimame mahali tambarare, halafu upime kutoka ardhini hadi juu ya sakafu. Namba hiyo ndiyo inayoamua urefu wa mlango. Kwa ng'ombe, mlango uwe na urefu usiopungua mara mbili na nusu ya kimo cha sakafu. Sakafu ikiwa na sentimita 70, mlango uwe wa sentimita 175 au zaidi, na mteremko utakuwa nyuzi 24 hivi. Ukiweka mlango wa sentimita 120 kwenye sakafu ya sentimita 90, kama nilivyoona kwenye matela mengi, umetengeneza mteremko wa karibu nyuzi 49. Hapo ng'ombe hapandi, na mtu mwenye mzigo naye hapandi.

Namba hizi si za kwangu peke yangu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya usafirishaji wa wanyama, Namba 1 ya mwaka 2005, imeweka kikomo cha nyuzi 26 na dakika 34 kwa ng'ombe wakubwa na kondoo, yaani kila mita mbili za kwenda mbele mnyama asipande zaidi ya mita moja. Kwa ndama, nguruwe na farasi kikomo ni nyuzi 20. Kanuni hiyohiyo inataka mteremko wowote unaozidi nyuzi 10 uwe na vizuizi vya kukanyagia ili mnyama asiteleze. Ng'ombe wa Kongwa hana goti tofauti na wa Ulaya.

Tatizo linajitokeza hapo hapo. Tela la trekta lenye matairi ya lori lina sakafu ya sentimita 90 hivi. Ukizidisha mara mbili na nusu unapata mlango wa mita mbili na robo. Ukiusimamisha, ncha yake inafika zaidi ya mita tatu kutoka ardhini, upepo wa Dodoma unausukuma njia nzima, na kuuinua kunahitaji watu wazima kadhaa. Mafundi wengi wakifika hapa wanakata tamaa, wanafupisha mlango, na daraja linakuwa la jina tu.

Njia ninayoipenda mimi ni kushusha mkia wa tela. Sentimita 60 za mwisho za sakafu, nyuma ya matairi, siziachi ziende sawa. Naziinamisha zishuke sentimita 20. Ukingo wa nyuma sasa uko sentimita 70 kutoka ardhini, na mlango wa sentimita 180 unatosha. Unapata na faida ya pili. Mashine yenye tumbo la chini, kama bajaji, ikipanda daraja linalokutana ghafla na sakafu iliyo sawa, inakwama katikati: magurudumu ya mbele yako ndani, ya nyuma yako kwenye daraja, tumbo limelala kwenye ukingo. Mkia ulioinama unaivunja ile kona mara mbili, mashine inapita. Kwa mwenye magunia, kwa kuwa hataki sehemu iliyoinama, namwekea kipande cha sakafu ya mbao kinachokaa juu ya mkia na kutolewa akipakia mifugo.

Lakini mkia huo huwezi kuuongeza kwa grenda na fimbo mbili za kuchomelea baada ya tela kukamilika. Mihimili miwili mirefu ya chasisi ndiyo inayokatwa na kuinamishwa, inaongezewa pleti za ubavuni pale ilipokatwa, na ekseli inasogezwa nyuma kidogo kuliko kawaida ili mkia usiwe mrefu mno nyuma ya matairi. Mkia mrefu ulioshuka utaburuta kwenye kila korongo. Mtu akiniletea tela lililokamilika akitaka nimkatie mlango wa daraja, namweleza ukweli kwamba kwa chasisi ile atapata daraja kali, na mara nyingi namshauri abaki na kichuguu chake hadi atakapounda tela jingine.

Kwa tela dogo la pawatila sina haja ya mkia. Sakafu yake iko chini, na mlango unaweza kukunjwa katikati kwa bawaba, ukasimama nusu ya urefu wake. Bawaba hiyo ya katikati lazima iwe na kifungo kinachoibana ikiwa imenyooka, la sivyo mlango unajikunja mtu akiwa juu yake.

Jambo la pili la chasisi ni miguu ya nyuma. Tela la matairi mawili linategemea ekseli moja. Ng'ombe wa kwanza anapokanyaga daraja, uzito wote unaangukia nyuma ya ekseli, na mbele hakuna kitu bado. Mkono wa tela unainuka na kuvuta huki ya trekta juu. Trekta kubwa itavumilia. Pawatila ni nyepesi na haitavumilia, na dereva anayekaa mbele ya tela atajikuta anainuliwa pamoja na mkono. Kwa hiyo pembeni mwa mkia, kulia na kushoto, nachomelea bomba la mraba ambalo ndani yake linateremka bomba jembamba lenye matundu ya pini. Chini yake naweka kikanyagio cha pleti cha sentimita 20 kwa 20, maana mguu usio na kikanyagio unazama kwenye udongo wa masika. Miguu naipaka rangi nyekundu ili dereva asiisahau akiondoka.

Nije kwenye bawaba, maana hapa ndipo penye maumivu ambayo mtu haoni mpaka yatokee. Mlango ukishuka, uzito wa kila kinachopita juu yake unataka kupitia kwenye pini za bawaba. Pini ya milimita 25 ni imara, lakini masikio yake yaliyochomelewa ndiyo yanayochanika, kidogo kidogo, bila kelele. Dawa yake ni kizingiti. Chini kidogo ya ukingo wa sakafu nachomelea chuma kizito cha engo (chuma chenye umbo la herufi L) kwa upana wote wa tela, na tundu la sikio la mlango nalikata refu kidogo kwenda juu na chini. Mlango ukilala, unakaa juu ya kizingiti. Uzito unakwenda kwenye chasisi moja kwa moja, na pini inabaki na kazi ya kuuzuia mlango usiteleze kuondoka. Ukitaka kujua kama fundi amefanya hivyo, laza mlango, simama juu yake, mwambie mwenzako azungushe pini kwa mkono. Ikizunguka, kazi ni nzuri.

Halafu kuna mwanya. Kati ya mlango uliolala na sakafu hubaki nafasi ya vidole vitatu au vinne. Inaonekana si kitu. Mguu wa mbuzi unaingia humo wote hadi gotini, ukwato wa ndama unaingia na kupinda, na mnyama anayeshtuka hauvuti mguu kwa utaratibu, anaukurupua. Nimeona mbuzi akivunjika hapo, kwenye tela jipya kabisa, na mwenyewe akilia kwa uchungu. Kipande cha pleti chenye upana wa sentimita 15, kikifungwa kwenye sakafu kwa bawaba ndogo na kulala juu ya mlango, kinaufunika mwanya wote. Mlango ukiinuliwa nacho kinainuka nao. Ni chuma kidogo sana, mara nyingi unakipata kwenye mabaki ya karakana. Kukiacha ni uzembe ambao sitauvumilia kwa kijana ninayemfundisha.

Sehemu ya kukanyagia watu wanaifanya kwa nondo. Wanachomelea nondo za milimita 12 kwa mapana, basi. Siku ya kwanza zinashika. Ng'ombe wa tano akishapita, kinyesi na tope vimejaa katikati ya nondo na uso wa daraja umekuwa laini. Mimi natumia engo ya milimita 25, mgongo wake juu, kila sentimita 20. Nafasi hiyo inatosha kwato za ng'ombe kukaa katikati ya engo mbili. Ukizisogeza karibu sana, kwato zinateleza juu ya migongo. Kwa mbuzi na kondoo zikaribiane zaidi, na mteja anayebeba aina zote natafuta kipimo cha katikati. Kwenye kingo mbili za mlango naacha njia bila engo, upana wa gurudumu, ili toroli na pikipiki vipite bila kurukaruka.

Na mbavu za kubeba uzito ziende kwa urefu, kutoka kizingiti hadi ardhini. Hili nalirudia kwa vijana kila mara. Fundi anayeweka mbavu za kukata mapana peke yake anaona mlango umejaa chuma na anaridhika. Pawatila ikifika katikati, mlango unabonyea na haurudi. Mbavu tatu za urefu za bomba la mraba la milimita 40, pamoja na fremu, zinafanya kazi ambayo mbavu nane za mapana haziwezi. Ncha ya chini nayo iinamishwe ili ilale ardhini bila ngazi, maana hata ngazi ya sentimita nne inalisimamisha toroli lililojaa.

Kuhusu tabia za ng'ombe nilipata elimu kutoka kwa afisa mifugo wetu, ambaye alinieleza kazi ya Temple Grandin, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kule Marekani, aliyetumia maisha yake kuchunguza kwa nini mifugo hugoma kuingia mahali. Ng'ombe husimama kwa vitu ambavyo sisi hatuvitazami: kivuli kinachokata njia, mwanga unaopenya kati ya mbao, sakafu inayotoa mlio mtupu, mnyororo unaoning'inia. Niliposikia habari ya mnyororo nilikwenda kusimama nyuma ya tela nililokuwa nalimalizia, nikainama hadi kimo cha kichwa cha ng'ombe. Minyororo miwili inayoushika mlango ilikuwa inaning'inia kulia na kushoto kwenye macho kabisa, inang'aa, inagongana. Sasa minyororo yote naivisha mpira wa bomba la maji na kuibana kwenye nguzo za pembeni. Wachungaji wetu wa Kigogo, bila kusoma kitabu chochote, siku zote walimwaga udongo na majani juu ya daraja kabla ya kupandisha ng'ombe. Wanaua ule mlio na ule mng'ao. Mzee mmoja alinionyesha pia kwamba tela likigeuzwa jua lisimwingie ng'ombe machoni, nusu ya kazi imekwisha.

Pembeni mwa daraja pawe na vizuizi. Mnyama anayeona uwazi kushoto na kulia ataruka. Malango mawili mepesi ya mabati, yanayotolewa mbavuni mwa tela na kusimamishwa pembeni mwa daraja, yanatosha. Yawe yamezibwa, yasiwe ya nondo zilizo wazi.

Sasa uzito wa mlango wenyewe. Pleti ya milimita 3 ina karibu kilo 24 kwa kila mita moja ya mraba. Mlango wa sentimita 180 kwa 170 unabeba kilo 72 za pleti peke yake, na ukiongeza fremu, mbavu na engo unavuka kilo 110. Anayeuinua kwa kushika ncha anainua karibu nusu yake. Huyo ni mtu mmoja, asubuhi na jioni, kila siku ya mnada. Mbao za mninga za inchi moja badala ya pleti zinapunguza kilo zaidi ya 20, hazipigi kelele, na kwato zinazipenda. Zinahitaji kupakwa oili chafu na kubadilishwa zikichakaa, na kwa anayebeba ng'ombe tu mimi namshauri mbao. Kwa anayebeba mashine nabaki na pleti, lakini namwekea springi mbili za koili kwenye ekseli ya bawaba, moja kila upande. Mlango unaposhuka springi zinajikunja, na wakati wa kuinua zinarudisha nguvu hiyo. Mtu mmoja anaufunga bila kuita msaada. Ila pini ya bawaba isifunguliwe kamwe mlango ukiwa chini, kwa sababu wakati huo springi imebana na itaruka.

Mwaka jana, kwenye karakana nyingine ambayo sitaitaja, kijana mmoja utingo alivunjika mguu. Mlango haukuwa na springi wala mnyororo wa kuushika ukishuka, na komeo liliwekwa katikati, kwa nyuma. Ili kulifungua ilimlazimu asimame palepale mlango unapoangukia. Komeo mbili zingewekwa pembeni, kila moja na pini yake ya usalama, angefungua akiwa amesimama ubavuni mwa tela na chuma kingepita pembeni yake. Kijana huyo alikuwa na umri wa mwanangu, na mguu haujapona vizuri hadi leo. Ndiyo maana ninapoambiwa kwamba hizi ni mbwembwe za fundi anayetaka kuongeza bei, siwezi kunyamaza.

Nawaomba pia madereva: daraja ni la kupakilia, si la kuongezea urefu wa tela. Wanaolaza mlango usawa na sakafu, wakaufunga kwa minyororo na kubebea nguzo au mabomba marefu barabarani, wanamtegea mwenye pikipiki anayekuja nyuma usiku. Mlango ukiwa umesimama usizibe taa za nyuma wala namba, na uso wake wa nje uwe na reflekta nyekundu. Barabara yetu kuu ina malori na mabasi usiku kucha, na trekta lisiloonekana ni kifo.

Gharama ipo, sikatai. Kuna chuma cha ziada, kuna springi, kuna miguu, kuna siku za kazi. Mfugaji mmoja alinitajia bei ya fundi mwingine iliyo chini ya yangu, nami nikamwambia aende kwa amani, ila ahesabu ng'ombe wanaovunjika na vibarua anaowalipa kila mnada kwa kuvuta kamba. Alirudi msimu uliofuata na mdogo wake. Si kila mtu atarudi, na mimi peke yangu siwezi kushindana na mlango wa bei rahisi unaoning'inia.

Hapa ndipo naomba taasisi zetu ziingie. CAMARTEC ya Arusha kazi yake ni zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. SIDO inalea karakana ndogo kama yangu. VETA inafundisha vijana kuchomelea. LITA iko hapo Mpwapwa, inamjua ng'ombe kuliko sisi sote. Wakae pamoja watoe mchoro mmoja, wa karatasi mbili au tatu, kwa Kiswahili na vipimo vya sentimita: tela la trekta lenye mkia ulioshuka, tela la pawatila lenye mlango wa kukunja, kizingiti, miguu, kifuniko cha mwanya, nafasi za engo. Ubandikwe kwenye kila karakana inayotaka. Na halmashauri zinaponunua matela kwa ajili ya vikundi vya wakulima na vijana, mlango wa daraja uandikwe kwenye masharti ya zabuni, pamoja na ule uwiano wa mara mbili na nusu. Fundi ataufuata akijua hatalipwa bila hivyo, na bei za mafundi zitakuwa zinalingana kwa kazi inayolingana.

Wakati tukisubiri mchoro huo, vipimo vyangu si siri. Fundi yeyote apite karakana yangu na futi yake. Mteja wangu mmoja anayepeleka ng'ombe mnada wa Msalato kila Jumamosi amekubali tela lake lipimwe, likunjuliwe na kupigwa picha na yeyote atakayemkuta pale. Anaomba tu asubiriwe ashushe ng'ombe kwanza.

Fundi wa matela,
Kibaigwa, Kongwa, Dodoma.